Shauri la Kirangozi: Jinsi ya Kuchagua Hoteli Kubwa Mjini



Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari ya kuchagua hoteli kubwa, mtu aendapo katika mji mkubwa. Najua wengine watacheka na kusema, "Mwalimu, sisi watu wa Tabora tuna nini na hoteli kubwa? Mtu akienda Dar es Salaam hulala kwa ndugu yake." Ni kweli, na kulala kwa ndugu ni jambo jema. Lakini siku hizi mtu wa kijijini aweza kutumwa na chama chake kwenda kuonana na mnunuzi wa asali au wa tumbaku. Aweza kualikwa mkutanoni. Aweza kumpeleka mzazi wake hospitali ya Muhimbili, na mzazi mgonjwa hawezi kulazwa juu ya mkeka sebuleni mwa watu. Siku kama hiyo, fedha alizozishika mara nyingi si zake peke yake. Ni fedha za watu waliomwamini. Kwa hiyo yampasa ajue anunualo.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu peke yangu. Acheni niwaeleze.

Miaka michache iliyopita, chama cha wafuga nyuki wa kijiji kimoja cha mkoa wetu kilitaka kupeleka asali katika maonyesho ya Sabasaba, yafanywayo Dar es Salaam kila mwaka mwezi wa Julai. Walikuwa wamepata barua kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo, naye alitaka kuionja asali na kuonana na wenyewe. Walichaguliwa watu wawili: mzee mwenyekiti, na mama mweka hazina. Mimi niliombwa niwasindikize, kwa kuwa nimezoea kusoma barua za Kiingereza na nafundisha walimu. Basi kazi ya kutafuta mahali pa kulala ikawa juu yangu.

Nilifikiri hivi: mnunuzi huyu ni mtu mkubwa; akisikia tumelala katika nyumba ndogo ya wageni atatuona wanyonge, naye atatupa bei ya wanyonge. Nikatazama picha katika simu yangu, nikaona hoteli moja ndefu yenye vioo, iliyo ufukoni upande wa kaskazini wa mji, bwawa la kuogelea likimetameta mbele yake. Jina lake sitalitaja. Nikaweka vyumba viwili kwa siku nne, nami nikajisifu moyoni kwamba nimewafanyia wazee wangu jambo la heshima.

Tulipofika langoni, askari alimtazama mzee mwenyekiti, aliyevaa makubazi na koti lake la siku nyingi, akamwuliza, "Mzee, umekuja kumwona nani?" Mzee akajibu kwa upole, "Nimekuja kukiona kitanda nilichokilipia." Tukaingia. Vyumba vilikuwa vizuri, na shuka zilikuwa nyeupe pepepe.

Asubuhi tulikuwa na miadi na mnunuzi saa tatu, katika viwanja vya maonyesho vya Mwalimu Nyerere. Sasa angalieni: viwanja hivyo viko Barabara ya Kilwa, upande wa kusini, nasi tulilala kaskazini. Mji wote ulikuwa katikati yetu. Tuliondoka saa moja na nusu tukidhani tumewahi, lakini magari yalisimama kama ng'ombe mbele ya josho. Tulifika saa nne kasoro robo. Mnunuzi alikuwa amengoja nusu saa, kisha akaenda kwa wauzaji wengine. Hatukumwona tena.

Siku ya kuondoka tuliletewa hesabu. Bei niliyoisoma ilikuwa ya chumba kitupu; kodi na malipo ya huduma yaliongezwa juu yake. Mimi na mzee tulilala chumba kimoja, lakini chai ya asubuhi iliyomo katika bei ilikuwa ya mtu mmoja. Koti la mzee lilikuwa limepigwa pasi na dobi wa hoteli, nalo likaandikwa. Mama mweka hazina alikuwa amekunywa maji ya chupa aliyoyakuta katika jokofu dogo la chumbani, akidhani ni karibu ya mgeni. Nayo yakaandikwa, chupa moja moja. Jumla ikazidi fedha tulizozitenga kwa zaidi ya robo, na mama akalazimika kugusa fedha zilizowekwa kwa nauli ya mizigo.

Tuliporudi, aliwasomea wanachama stakabadhi ile chini ya mwembe, mstari kwa mstari. Alipofika mahali pa "maji ya chupa, mara sita," hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua ni mizinga mingapi hupanda mtini ili zipatikane fedha zile.

Lakini neno lililonifundisha nililisikia kabla ya hapo, katika gari moshi, tulipokuwa tumeipita Morogoro. Mzee mwenyekiti alikuwa kimya tangu Dar es Salaam. Ghafula akasema, "Mwalimu, babu yangu alikuwa mpagazi katika misafara. Baba alitusimulia kwamba alikuwa akisema: kirangozi haangalii uzuri wa mti, huangalia maji."

Wasikilizaji, neno hili ndilo mazungumzo yangu ya leo, na ili mlielewe vema yafaa tuirudie kidogo barabara ya zamani.

Kabla ya reli, safari ya kutoka pwani mpaka kwetu ilikuwa ya miguu. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kaze, ambayo ni Tabora yetu hii, tarehe 7 Novemba. Yaani zaidi ya miezi minne njiani. Hapo walipokewa na mfanyi biashara Mwarabu, jina lake Snay bin Amir, aliyewatendea kwa ukarimu mwingi. Matajiri wa wakati ule walikaa katika nyumba zilizoitwa tembe, zenye kuta nene za udongo, dari bapa, ua katikati na baraza mbele. Ukitaka kuona mfano wake, nenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye makumbusho ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, akingoja watu wa kutoka pwani tangu mwezi wa Machi mpaka Agosti.

Walakini tusidhani kwamba kila msafiri alilala katika tembe. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa babu zetu Wanyamwezi, walilala makambini katika vibanda vya matawi na majani. Tena barabara ile ile ilipitisha watumwa, na hao hakuna aliyewauliza watalala wapi.

Mtu aliyetangulia mbele ya msafara ndiye kirangozi. Yeye alijua njia na makambi. Mahali pa kulala palipimwa kwa mambo haya: kama pana maji, kama pana chakula cha kununua, kama boma la miiba laweza kufungwa vizuri usiku, na kama mwendo wa kesho hautawashinda watu. Tena ilipasa kujua ni nchi gani zinadai hongo. Leo neno hongo ni rushwa, lakini wakati ule maana yake ilikuwa ushuru ambao msafara ulimpa mtawala wa nchi ili upate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Katika Ugogo hongo ilikuwa nzito, na mwenye msafara asiyeweka akiba ya nguo na shanga kwa ajili yake aliona taabu kubwa.

Baadaye likaja gari moshi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku. Hoteli nazo zikaja. Dar es Salaam Wajerumani walikuwa wamekwisha fungua hoteli ya Kaiserhof mwaka 1906, ambayo baadaye iliitwa New Africa. Jengo lile la kwanza halipo tena, ila jina la New Africa limebaki mahali pale. Hapa Tabora pia ilijengwa hoteli ya reli, nayo ingalipo mpaka sasa kwa jina la Orion. Lakini katika siku za ukoloni hoteli kubwa zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Mwaka 1965, miaka michache baada ya Uhuru, ilifunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro pale pwani ya bandari, ambayo siku hizi huitwa pia Hyatt Regency. Leo mlango wa mbele ni wa kila mtu alipaye. Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kujua kuingia ni jambo jingine.

Basi sasa tutumie shauri la kirangozi katika kuchagua hoteli.

Jambo la kwanza ni maji, na maji yako ni ile kazi iliyokutoa nyumbani. Kabla ya kutazama picha yoyote, andika katika karatasi mahali utakapofanya kazi yako na saa utakayotakiwa kuwapo. Kisha tafuta hoteli iliyo karibu na mahali hapo. Usihesabu kilomita, hesabu saa, maana katika mji mkubwa kilomita kumi za asubuhi zaweza kuwa ndefu kuliko hamsini za kijijini. Anayempeleka mgonjwa Muhimbili aulize hoteli za Upanga au za katikati ya mji. Fikiri pia utakavyofika. Mabasi ya bara huishia katika Kituo cha Magufuli huko Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021, na kutoka hapo mpaka katikati ya mji ni safari nyingine. Lakini anayetoka Dodoma kwa treni ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, hushuka karibu na katikati ya mji. Msafiri huyu na yule hawana haja ya hoteli moja.

Jambo la pili ni boma. Uliza kama chumbani mna kasha la chuma la kuwekea fedha, au kama mapokezi hupokea fedha za wageni na kutoa hati. Ukiingia chumbani, kabla ya kufungua mzigo, toka uzitafute ngazi za kushukia wakati wa moto, uzijue kwa miguu yako, kwa maana katika moto lifti haipandwi. Na boma huanza hata kabla hujasafiri. Wako wadanganyifu wanaotangaza vyumba visivyokuwako, wakataka utume fedha katika simu ya mtu. Kwanza piga simu mwenyewe kwa namba iliyo katika matangazo ya hoteli yenyewe, na ukilipa, lipa kwa namba yenye jina la hoteli au la kampuni yake, wala usilipe kwa jina la mtu binafsi, hata akiwa na sauti tamu namna gani.

Jambo la tatu ni hongo, kwa maana ile ya zamani. Uliza bei yote, si bei ya chumba tu. Sema hivi: "Naomba jumla ya mwisho, pamoja na kodi na huduma, kwa watu wawili, kwa siku nne, na chai ya asubuhi ya wote wawili." Kisha omba uandikiwe maneno hayo. Uliza bei kwa shilingi. Mwaka 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza bei za ndani ya nchi kutangazwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni. Uliza, safari ikiahirishwa, arubuni yako itarudi au itapotea? Na ukizuiliwa mjini siku mbili zaidi, bei itakuwa ileile? Kumbuka miezi ile ya Livingstone pale Kwihara: mgeni hajui siku zote lini ataondoka. Ukiwa chumbani, kila kilichomo katika jokofu na kila nguo itolewayo kwa dobi ihesabu kuwa ina bei, mpaka uambiwe kwamba haina. Siku ya kuondoka, isome hesabu kabla ya kulipa, na udai stakabadhi ya mashine ya kodi, ili uwe na kitu cha kuwaonyesha waliokutuma.

Jambo la nne ni usingizi, kwa kuwa ndio hasa unaoununua. Hoteli yaweza kuwa na bwawa, na muziki, na ukumbi wa harusi, wewe usilale hata kidogo. Uliza kama kuna ngoma siku hizo, na uombe chumba kilicho mbali na ukumbi, na mbali na barabara. Ukiwa na mzee, uliza kama lifti inafanya kazi, kama bafu lina mahali pa kushika, na kama ni la kuoga ukisimama au la kupanda na kuingia ndani, maana wazee wengi huteleza hapo. Uliza chandarua au namna nyingine ya kuzuia mbu.

Jambo la tano ni nyota. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana vipimo vya pamoja vya kuzipanga hoteli, tangu nyota moja hadi tano. Vipimo hivyo ni vyema, navyo husaidia kujua ukubwa wa vyumba, vifaa vilivyomo na huduma zinazotolewa. Lakini nyota haikuambii kama hoteli iko karibu na kazi yako, wala haikuambii jinsi mtu mwenye makubazi atakavyopokewa langoni. Hayo yapime mwenyewe kwa simu. Mtu anayekujibu maswali yako matano kwa subira, kwa Kiswahili chako cha bara, bila kukuharakisha, amekwisha kukuonyesha nusu ya hoteli yake. Anayekujibu kwa mkato, mwache na vioo vyake.

Sasa nimalizie habari ya wafuga nyuki. Mwaka uliofuata walitutuma tena watu walewale watatu, jambo lililonitia haya na furaha pamoja. Safari hii mama mweka hazina ndiye aliyeuliza maswali katika simu, mimi nikiandika. Tulipata nyumba safi ya wageni upande uleule wa maonyesho, yenye ua tulivu na askari mwenye salamu. Haikuwa hoteli kubwa. Na mnunuzi mwingine alipotaka kuonana nasi, tulimwalika katika hoteli kubwa ya katikati ya mji, katika ukumbi wa chini ambapo watu huketi na kunywa chai. Mzee aliketi pale na koti lake, chupa ya asali mbele yake juu ya meza. Tulilipa chai ya watu wanne. Mnunuzi hakuuliza tumelala wapi. Aliuliza asali ilivunwa lini, imechujwaje, na maji yaliyomo ni kiasi gani. Hatukuuza yote, lakini tuliuza, na nauli ya mizigo ilirudi nyumbani haikuguswa.

Hapo nilijua kosa langu la kwanza lilikuwa nini. Heshima niliyokuwa naitafuta nilidhani imo katika kitanda, nikaenda kuinunua kwa fedha za wengine. Sisemi kwamba hoteli kubwa ni mbaya. Mtu akiwa na fedha zake na akapenda kustarehe, astarehe. Jasho lake limemstahilia. Na pengine kazi yenyewe yadai hoteli kubwa, kama mkutano ukifanywa humo humo, au mgonjwa akihitaji utulivu na lifti. Lakini mwenye fedha za wenzake na achague kama kirangozi, aliyejua kwamba nyuma yake wako watu wenye mizigo mabegani, nao watakunywa yale maji atakayowafikisha.

Wasikilizaji wangu, yaandikeni mambo haya matano nyuma ya daftari: kazi, ulinzi, bei yote, usingizi, na mapokezi. Na anayesafiri kesho, Mungu amfikishe salama. Kwaherini.